Shule ya Kikristo ya Maandalizi ya Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dhamira na Falsafa Yake

Maswali haya hurudi kila msimu wa udahili, na mengi nimeyajibu ana kwa ana kwenye vikao vya wazazi au nje ya mlango wa darasa. Kila jibu linajitegemea. Mahali ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Msingi

1. Shule ya namna hii ni ipi hasa?

Ni sekondari inayotoa ahadi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi atasoma masomo mazito ya kumwezesha kuingia chuo kikuu na kuyamudu maisha ya huko. Ya pili ni kwamba kila kinachofundishwa kitafundishwa na watu wanaoamini kuwa ulimwengu una Muumba, na kwamba Kristo ni Bwana wa maisha yote, darasani na nje ya darasa.

Shule hizi hutofautiana sana. Kuna za dhehebu moja na kuna zinazopokea madhehebu yote, kuna za bweni na kuna za kutwa, nyingine zinafuata mtaala wa taifa na nyingine wa nje. Kinachozifanya ziwe jamii moja ni hizo ahadi mbili, na imani kwamba mtu hawezi kuitimiza moja vizuri huku akiipuuza ya pili.

2. Je, ni sawa na seminari au chuo cha Biblia?

Hapana. Neno "seminari" huwachanganya wengi kwa sababu hutumika kwa shule zinazolea miito ya upadre, kwa vyuo vya wachungaji, na hata kwa sekondari za kawaida zinazomilikiwa na kanisa. Chuo cha Biblia nacho huandaa wahudumu wa kanisa. Shule tunayoizungumzia hapa huandaa watakaokuwa wahandisi, wauguzi, wanasheria, wahasibu na walimu. Wachungaji pia, kwa wale walioitwa huko.

3. Kwa nini imani na maandalizi ya chuo viwekwe pamoja? Si bora shule ishughulikie masomo, kanisa lishughulikie roho?

Mgawanyo huo unaonekana wa busara mpaka uuangalie kwa makini. Shule huchukua sehemu kubwa ya saa ambazo mtoto yuko macho. Akisikia katika saa zote hizo kwamba nyota, historia, lugha na mwili wa binadamu vinaelezeka bila Mungu kutajwa hata mara moja, halafu Jumapili akaambiwa kwamba vyote ni mali ya Mungu, atajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandaa: kwamba Mungu ana siku yake moja na mahali pake pamoja. Hakuna atakayekuwa amemfundisha hivyo kwa maneno. Atakuwa amejumlisha mwenyewe.

Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alijibu: "Mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa akili zako zote" (Mathayo 22:37). Akili zimo. Mwanafunzi anayerudia jaribio la kemia mara ya tatu kwa kuwa namba hazikukaa sawa, akakataa kuyapika matokeo ingawa kengele inakaribia kulia, anaitii amri hiyo pale pale maabara. Hapo ndipo ilipo falsafa yote ya shule hizi, na mengine katika ukurasa huu yanatokana na hilo.

Lakini kuviweka pamoja kunaweza kuharibika kwa namna mbili. Zipo shule zinazochukua mtaala uleule wa kila mahali, zikaongeza kipindi cha Biblia na sala ya asubuhi, zikaridhika. Hiyo ni elimu ya kawaida iliyovishwa joho. Na zipo zinazotegemea sala zifidie ufundishaji mbovu, hadi mwalimu asiyeandaa somo anavumiliwa kwa sababu anaomba vizuri. Hili la pili linaniuma zaidi, maana linamfanya mtoto aamini kwamba uvivu na utakatifu vinaweza kukaa nyumba moja.

4. Wazo hili lilianzia wapi?

Ni la kale kuliko watu wengi wanavyodhani, na mizizi yake mojawapo iko Afrika. Mjini Aleksandria, Misri, mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, walimu Wakristo kama Klementi na Origeni walifundisha Maandiko bega kwa bega na elimu ya Wagiriki. Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, anasimulia kwamba Origeni aliwaanzisha wanafunzi wenye uwezo katika jiometri na hesabu kabla ya kuwapeleka kwenye falsafa, akiyaona masomo hayo kuwa msaada wa kuyaelewa Maandiko. Huo tayari ulikuwa mtaala wa maandalizi.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1524, Martin Luther, kiongozi wa matengenezo ya kanisa yaliyozaa Uprotestanti, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na wazitunze kwa fedha za mji. Wajesuiti, shirika la kitawa la Kikatoliki, walifungua shule yao Messina, Italia, mwaka 1548, na mwaka 1599 wakatoa mwongozo wa masomo uliotumika katika shule zao nchi nyingi. Geneva, Uswisi, ilipata akademia yake mwaka 1559 chini ya Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa Kiprotestanti. Katika makoloni ya Amerika, shule ya Boston Latin ilianza mwaka 1635 na chuo cha Harvard mwaka 1636: vijana walifundishwa Kilatini na Kigiriki ili waweze kuingia chuo, na kulipatia kanisa wachungaji wasomi kulikuwa miongoni mwa shabaha za chuo hicho.

Katika wote hao ninayempenda zaidi ni Jan Amos Komenský (1592–1670), mchungaji wa Moravia (leo sehemu ya Ucheki) aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake uhamishoni kwa sababu ya imani yake. Alishikilia kwamba wote wafundishwe, wavulana kwa wasichana, matajiri kwa maskini, kwa sababu wote ni mfano wa Mungu. Shule ya Kikristo inayojigamba kuwa ya wachache walioteuliwa ina deni kwake.

5. Kauli ya dhamira na kauli ya imani zina tofauti gani?

Kauli ya dhamira hueleza shule ipo kwa ajili ya nini. Kauli ya imani hueleza shule inaamini nini kuhusu Mungu, Maandiko, mwanadamu na wokovu. Soma zote mbili kabla ya kujaza fomu. Kauli ya dhamira ikiwa inaweza kuchukuliwa neno kwa neno na shule yoyote ya binafsi, dini imewekwa pembeni. Kauli ya imani ikiwa haina uhusiano wowote na yanayotokea darasani, hali ni ileile.

## Imani ndani ya darasa

6. Je, kuna hisabati ya Kikristo?

Mbili na mbili ni nne kwa Mkristo na kwa asiye Mkristo, na mwalimu anayechomeka mstari wa Biblia katika kila swali la aljebra anaupoteza muda wa watoto. Tofauti iko kwenye maswali yanayoizunguka hisabati. Kwa nini ulimwengu unatii namba? Kwa nini uthibitisho uliotungwa kichwani mwa mtu unaeleza mwendo wa sayari ambayo hajawahi kuifikia? Mkristo hashangai sana kukuta mpangilio, kwa kuwa anaamini kwamba "vitu vyote hushikana katika yeye" (Wakolosai 1:17). Mwalimu mzuri wa hisabati huugusa mshangao huo mara chache, wakati unaofaa, kisha anarudi ubaoni.

7. Sayansi je? Mageuzi ya viumbe na umri wa dunia vinafundishwaje?

Hapa shule zinatofautiana, na mzazi ana haki ya kuuliza waziwazi. Wapo Wakristo wanaozisoma siku sita za kitabu cha Mwanzo kuwa siku za kawaida, wapo wanaoona sura hizo zinaeleza nani aliumba na kwa kusudi gani, na wapo walio katikati. Kwa maoni yangu, jambo moja halina mjadala: mwanafunzi anayekwenda chuo kikuu ni lazima aifahamu nadharia ya mageuzi kama wanavyoieleza wanaoikubali, kwa ushahidi wao bora. Kumfundisha toleo dhaifu ili alipinge kirahisi ni kumdanganya, na siku atakapokutana na toleo lenyewe atajiuliza ni mangapi mengine alidanganywa.

Inafaa pia ajue kwamba Gregor Mendel, aliyeweka msingi wa elimu ya urithi kwa kuchunguza mimea ya njegere, alikuwa mtawa wa Waagustino, na kwamba Georges Lemaître, mmoja wa walioanzisha fikra ya ulimwengu unaopanuka, alikuwa padre. Mifano hii haimalizi ubishi. Inamsaidia kijana tu asidhani kwamba akiingia maabara lazima aiache imani mlangoni.

8. Kwa nini mwanangu anasomeshwa waandishi wasioamini, hata wanaopinga imani?

Swali hili huja kwa hasira mara nyingi, na naielewa hasira hiyo. Mzazi amelipa ada ili mtoto alindwe, kisha anakuta kwenye begi kitabu chenye ukatili na mashaka.

Basi fikiria kisa hiki. Mwaka 362 Kaisari Juliano wa Roma, aliyekuwa ameuacha Ukristo, alitoa amri iliyowazuia Wakristo kufundisha fasihi ya Wagiriki. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyeiamini miungu ya mshairi wao Homer hana haki ya kumfundisha Homer. Na aende makanisani akamfafanue Mathayo na Luka. Juu juu inaonekana kama zawadi: Wakristo wanaachiwa Biblia yao na kuondolewa upagani. Wakristo wenyewe hawakuiona hivyo. Mwanateolojia Gregori wa Nazianzo aliipinga vikali, na huko Roma mwalimu Marius Victorinus aliacha kiti chake cha ualimu kuliko kuikana imani. Walifahamu kwamba kufukuzwa kwenye fasihi ni kufukuzwa kwenye mazungumzo ya watu wote.

Danieli na wenzake, wakiwa mateka Babeli, walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Walikataa chakula cha mfalme lakini hawakukataa vitabu, na mfalme alipowahoji aliwaona bora mara kumi kuliko waganga wake (Danieli 1). Basil, askofu wa Kaisaria katika karne hiyohiyo ya Juliano, naye aliwaambia vijana wasome washairi wapagani kama nyuki anavyotembelea maua: hatui juu ya kila ua, wala habebi ua zima.

Pamoja na hayo, umri ni jambo la maana. Kinachomfaa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kinaweza kumwumiza wa mwaka wa kwanza. Ukiona kitabu kimepewa watoto mapema mno, mwendee mwalimu (tazama swali la 18).

9. Mwanafunzi akiwa na mashaka anaruhusiwa kuyasema?

Ndiyo, na shule inayomnyamazisha inajiumiza yenyewe. Tomaso alisema shaka yake mbele ya mitume wenzake, na baada ya siku nane alikuwa bado yumo miongoni mwao. Mwanafunzi atajifunza kusema "sijui" na kumsikia mwalimu akisema vivyo hivyo. Anachokatazwa ni dhihaka, iwe dhidi ya imani au dhidi ya mwenye shaka.

## Maandalizi ya chuo kikuu

10. "Maandalizi" yana maana ya kufaulu mitihani tu?

Mitihani imo, na shule isiyofaulisha haina haki ya kujiita ya maandalizi. Lakini chuo kikuu huwashinda hata waliofaulu, kwa sababu huko hakuna wa kugonga kengele. Maandalizi ya kweli ni kuweza kusoma kurasa hamsini peke yako na kutoka na hoja ya mwandishi, kuandika insha isiyonakiliwa, kumwendea mhadhiri na kuuliza, kutunza muda na fedha kidogo ulizonazo, na kukaa na mtu wa imani nyingine bila kumwogopa wala kumdharau. Mtume Petro anawataka waamini wawe tayari kumjibu kila aulizaye habari za tumaini lao, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Upole huo nao hufundishwa, na huchukua miaka.

11. Mwanangu si wa alama za juu. Ana nafasi katika falsafa hii?

Katika mfano wa talanta (Mathayo 25), ambapo bwana anawakabidhi watumishi wake fedha, aliyepewa tano alizalisha tano nyingine, na aliyepewa mbili alizalisha mbili. Soma kwa makini maneno ya bwana wao. Aliyowaambia wote wawili ni yaleyale. Mwenye talanta tano hakupewa sifa ndefu zaidi. Shule inayowatundika ukutani wenye alama za juu tu na kuwasahau wengine imeisoma sura hiyo bila kuielewa.

Hata hivyo upendo hauondoi ukweli. Kama mzigo wa masomo unamzidi mtoto hadi anakosa usingizi na kuichukia elimu, shule inapaswa kumwambia mzazi mapema, wala isisubiri ada ya mwaka wa mwisho. Kwa baadhi, njia ifaayo ni chuo cha ufundi, na fundi umeme mwaminifu anamtumikia Mungu sawasawa na profesa. Nimewahi kuona wazazi wakilia kwa kuambiwa hivyo. Miaka michache baadaye baadhi yao walirudi kushukuru. Wengine hawakurudi, na sitawalaumu.

12. Shule inaweza kunihakikishia kwamba hatapoteza imani chuoni?

Hapana. Anayekuhakikishia hilo anauza kitu asicho nacho. Imani haipandwi kwa mkataba, na wapo waliolelewa vizuri wakaondoka, kama wapo waliolelewa hovyo wakaja.

Kinachowezekana ni kumwandaa. Maswali magumu ayakute kwanza mbele ya watu wanaompenda. Awe amewafahamu kwa karibu watu wazima wanaofikiri kwa kina na bado wanasali. Ajue kutafuta kanisa katika majuma ya kwanza chuoni, kabla ya upweke kumtafutia marafiki. Na baada ya kuhitimu, shule isimwache: barua moja ya mwalimu katika muhula wa kwanza wa chuo ina uzito ambao semina kumi za kabla ya mahafali hazina.

## Walimu, ibada na nidhamu

13. Kwa nini walimu wote watakiwe kuwa waamini, hata wa jiografia?

Yesu alisema mwanafunzi aliyehitimu huwa kama mwalimu wake (Luka 6:40). Watoto hujifunza zaidi kutokana na jinsi mwalimu wa jiografia anavyopokea kukosolewa kuliko kutokana na mada ya mmomonyoko. Ila sahihi kwenye kauli ya imani haitoshi. Mwalimu lazima alijue somo lake.

14. Ibada ya shule ni lazima kwa kila mwanafunzi?

Kuhudhuria, mara nyingi ni lazima. Kuamini hakuwezi kulazimishwa, wala haipasi kujaribu. Mwanafunzi hapaswi kusukumwa mbele atoe ushuhuda asio nao, wala kupewa au kunyimwa alama kwa kiasi cha machozi yake.

15. Mkisisitiza neema, ina maana makosa hayana adhabu?

Neema haifuti matokeo. Aliyeiba mtihani atafutiwa matokeo na atakaa mbele ya mwalimu aliyemkosea. Tofauti iko kwenye lengo, ambalo ni kumrudisha. Kesi ikiisha, imeisha: haitatajwa tena darasani, wala hatabaki "yule mwizi wa mtihani" hadi kuhitimu. Kuhusu fedheha ya hadharani na kipigo, msimamo wangu ni kwamba havina nafasi. Mtoto mwenye sura ya Mungu hatwezwi kwa jina la Mungu.

Kuna makosa yanayolazimu mwanafunzi aondoke, hasa yanayohatarisha wengine. Na mtu mzima akimdhuru mtoto, suala hilo halimalizwi kwa maombi ofisini. Linapelekwa mara moja kwa mamlaka za ulinzi wa watoto. Kusamehe hakujawahi kumaanisha kuficha.

## Familia na hali za pekee

16. Familia ya dhehebu lingine au ya dini nyingine inakubaliwa?

Inategemea shule. Baadhi hutaka angalau mzazi mmoja awe mwamini, zikijiona kama mkono wa familia ya Kikristo. Nyingine hupokea yeyote anayekubali taratibu zake, zikiiona shule kama huduma kwa jamii nzima. Njia zote mbili zina hoja nzuri. Lisilokubalika ni kuficha: familia ya Kiislamu, kwa mfano, iambiwe kabla ya kulipa kwamba mtoto atahudhuria ibada na kusoma Biblia, na ielezwe atatendewaje asiposhiriki sala.

17. Mzazi anabaki na wajibu gani?

Wa kwanza na mkubwa kuliko wote. Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la elimu la mwaka 1965, ulisema vilevile kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza. Shule inasaidia, haichukui nafasi. Mtoto anayesikia habari za ukweli shuleni kisha akaona baba akimtuma mtu kununua mtihani, atamwamini baba.

18. Nisipokubaliana na mwalimu kuhusu fundisho fulani nifanye nini?

Anza na mwalimu mwenyewe, ana kwa ana, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, kabla ya kuandika kwenye kundi la wazazi. Mambo yaliyo katika kauli ya imani (swali la 5) shule haitayabadilisha kwa ajili yako, na ulitia sahihi ukiyajua. Yale ambayo makanisa yanatofautiana, kama ubatizo wa watoto wachanga, mwalimu anapaswa kuyaeleza kwa haki pande zote na kusema, "Waulize wazazi na mchungaji wako."

19. Shule inahubiri upendo, mbona inatoza ada kubwa?

Walimu wazuri hulipwa na maabara hugharimu, lakini lawama hii ina ukweli ndani yake. Dhamira inayomwalika kila mtu huku bei ikimfungia nje maskini inapungukiwa. Uliza ni sehemu gani ya bajeti inayokwenda kwenye ufadhili, na kama mwanafunzi anayefadhiliwa hutambulika kwa sare, foleni au kazi za ziada. Asitambulike.

20. Kijana wetu wa mwaka wa mwisho ametangaza kwamba haamini tena. Ataondolewa?

Kwa sababu hiyo peke yake, asiondolewe. Anaweza kuvuliwa uongozi wa ibada, na hilo ni haki, maana asiongoze sala asiyoiamini. Abaki darasani, abaki kwenye timu, na mwalimu anayemheshimu aendelee kula naye mezani. Mzazi naye ajizuie kumfanya mfano wa aibu mbele ya ndugu. Imani ya miaka 17 bado inaumbika, na hata kukana kwa umri huo bado kunaumbika.

21. Nitajuaje kwamba falsafa hii inaishi, haipo kwenye karatasi tu?

Tembelea siku ya kawaida, usiende siku ya maonyesho. Mwulize mwalimu wa fizikia imani yake inahusianaje na somo lake, uone kama anafikiri au anakariri. Tazama kabati la vikombe pale mlangoni, kisha uulize ni nani waliowahi kusifiwa kwa jambo lisilo na kikombe. Angalia wanafunzi wanavyomwita mpishi: kwa jina lake na heshima yake, au kwa kumpigia mluzi.

Mwisho, mwulize mkuu wa shule nini kilitokea mara ya mwisho mtoto wa mjumbe wa bodi alipokutwa akidanganya kwenye mtihani. Majina usiyahitaji. Uliza tu walifanya nini, halafu nyamaza umsikilize.